Furaha Iliyopewa Mahali Pake: Jinsi Ngoma Ilivyoingia Katika Misa Yetu



Katika parokia zetu nyingi, wimbo wa Utukufu unapoanza, padri na wahudumu huizunguka altare wakicheza, na waamini wote hupiga makofi. Ninyi mmezaliwa mkikuta hivyo. Lakini kijana Mkatoliki wa leo husikia maneno mawili yasiyopatana. Jirani yake anayesali katika kanisa la uamsho humwambia kwamba sala ya Wakatoliki ni baridi. Na mzee wa parokia humwambia kwamba makelele yamezidi kanisani. Kabla ya kuwajibu hao wawili, yafaa tujue furaha hii ilitoka wapi na ilipewa kazi gani.

Wamisionari walipotuletea Injili, walituletea pia Misa ya Kilatini kama wao wenyewe walivyoipokea. Waamini walipiga magoti na kusikiliza kwa heshima. Katika misioni nyingi ngoma ilibaki nje ya mlango, kwa sababu ilihofiwa kuwa imefungamana na desturi za kale. Watu walicheza kwenye arusi na mavuno. Mbele ya Mungu walikaa kimya.

Mabadiliko makubwa yalionekana Kamina, katika Katanga. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya watoto wa shule na waalimu wao katika korali moja. Mwaka 1958 waliimba Misa iitwayo Missa Luba. Maneno yalibaki ya Kilatini, lakini sauti na ngoma vilikuwa vya kwetu. Tena waimbaji hawakusoma noti, bali walijenga nyimbo zile kwa kuitikiana, kama wazee wao walivyozoea. Mwaka uleule korali hiyo ilisafiri mpaka Ulaya, na wengi waliisikiliza kwa mshangao. Watoto wa Kamina walikuwa wameonyesha kwamba ngoma yaweza kusali.

Hata hivyo, kuweka sauti yetu juu ya maneno ya Misa hakukutosha. Mwaka 1961, kabla Mtaguso wa Vatikano wa Pili haujafunguliwa, maaskofu wa Kongo walikwisha kutamani liturjia inayolingana na watu wao. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso ulitoa hati juu ya liturjia, ukakubali kwamba mila njema za mataifa zaweza kuingia katika ibada. Kardinali Joseph-Albert Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alikuwa mmoja wa wale walioisukuma kazi hiyo kwa bidii. Ilihitaji miaka mingi ya kuchunguza, kujaribu na kuzungumza na Roma. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilithibitisha Kitabu cha Misa ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire. Kardinali Malula aliaga dunia mwaka uliofuata, tarehe 14 Juni 1989.

Sasa tutazame kwa makini mpango wa Misa hiyo, maana ndimo fundisho lilimo. Mwanzoni tunawaita watakatifu, pamoja na mababu zetu waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Hatuchezi peke yetu, tunacheza pamoja na jamaa nzima. Katika Utukufu tunaizunguka altare, kwa sababu Kristo ndiye kitovu cha furaha yetu. Kisha wasomaji huomba baraka kabla ya kusoma, na Injili tunaisikiliza tukiwa tumekaa, kama watu wanaopokea neno la mkubwa wao. Baada ya mahubiri na Nasadiki ndipo linapokuja tendo la toba: Neno la Mungu limetuonyesha makosa yetu, nasi tunayakiri, tunanyunyiziwa maji, halafu tunapeana amani. Baada ya kupatana hivyo, ndipo tunapeleka matoleo.

Mnaona basi, vijana? Misa ileile inayotucheza kwa shangwe hutusimamisha pia mbele ya ndugu tuliyemkosea. Anayecheza wakati wa Utukufu na kukataa kumpa jirani mkono wa amani, amechukua nusu tu ya urithi wetu. Mfalme Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano, akadharauliwa na Mikali mke wake. Lakini yeye alijua anacheza mbele ya nani. Swali hilo lawahusu pia wanakorali wanaoshindana kwa sare na kwa vipaza sauti.

Tarehe 1 Februari 2023 Papa Fransisko aliadhimisha Misa katika uwanja wa Ndolo, Kinshasa, mbele ya watu zaidi ya milioni moja. Watu waliimba na kucheza asubuhi ile, naye akawahubiri juu ya amani na msamaha. Alasiri ya siku ileile alikutana na watu waliojeruhiwa na vita vya Mashariki ya nchi yetu. Walimsimulia mateso yao, na chini ya msalaba wakaweka vitu vya maumivu yao, hata panga. Siku moja ilibeba ngoma na machozi. Furaha ya Mkristo haiwasahau wanaolia; huwashika mkono, kwa kuwa inamtegemea Bwana aliyefufuka akiwa bado na alama za misumari.

Kwa hiyo, jirani yenu mwambieni kwa upole kwamba sala yetu si baridi. Mzee wa parokia mwonyesheni, kwa utulivu wenu wakati wa Neno na wa toba, kwamba ngoma yetu si makelele.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika Misa yetu, ni wakati gani tunacheza kwa ajili ya Mungu, na ni wakati gani kwa ajili ya kutazamwa?

2. Ni nani katika parokia yetu anayelia, naye hajaalikwa katika furaha yetu?