Pekupeku White City

Ukitaja marathoni hapa kwetu, mtu anakuambia Iten, Kaptagat, Eldoret. Sawa. Lakini zile kilomita 42.195 zenyewe zilipimwa kwanza London, kuishia kwenye uwanja ambao leo hauko: White City.

Ulijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1908, kwenye eneo la maonyesho ya Uingereza na Ufaransa ya mwaka huo. Walitaka kila kitu pahali pamoja: njia ya riadha, njia ya baiskeli kuizunguka, na katikati bwawa la kuogelea la mita 100. Marathoni ilianzia kasri la Windsor na kuishia mbele ya jukwaa la kifalme, na urefu huo ndio uliokuja kuwa sheria 1921. Yaani mateso yote ya kilomita zile mbili za mwisho, shukuru wafalme.

Baadaye, kuanzia 1927, mbwa wakaingia. Mbio za mbwa na kamari ndizo zilizolipa bili. Hata Kombe la Dunia la 1966, Uruguay na Ufaransa walichezea hapo kwa sababu Wembley siku hiyo ilikuwa na ratiba ya mbwa. Mbwa, si mchezo!

Mimi ninachokitafuta ni Julai 1954. Nyumbani ni Hali ya Hatari. Miezi michache tu imepita tangu msako mkubwa wa Operesheni Anvil hapa Nairobi. Na huko London, wanariadha wawili wa Kenya wanashuka White City wakielekea michezo ya Vancouver. Lazaro Chepkwony anakimbia maili 6 pekupeku. Anachomoka, anapunguza, anachomoka tena, Waingereza wanahangaika kumfuata. Kisha anaumia, anatoka kabla ya kumaliza.

Kesho yake Nyandika Maiyoro, kijana wa Kisii, anaingia maili 3 na kuwaacha wote mapema. Freddie Green na Chris Chataway wanamfikia, wanampita, na wote wawili wanavunja rekodi ya dunia. Maiyoro anakuwa wa tatu. Nani aliyewavuta kwenda kasi ile? Vitabu vya rekodi havina safu ya hiyo.

Nakubali nina upendeleo. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, na kila sherehe ya familia lazima shangazi mmoja aulize, "Na ile digrii?" Kwa hivyo Chepkwony ni msee wangu. Huwa anatajwa kama aliyeshindwa kupanga mwendo, ilhali kuchomoka namna ile ndiko Wakenya waliomfuata walikuja kuwavunjia watu roho nako, miaka nenda miaka rudi.

Uwanja ulibomolewa 1985, BBC ikajenga ofisi. Mstari wa kumalizia wa 1908 umewekewa alama pale chini, kati ya majengo. Mahali Chepkwony alipotoka, sijui nani angepaweka alama.