Uzi wa bolti: kugoma, kushikwa, kuliwa

uzi nm [u-/zi-], wingi *nyuzi*. (Ufundi) Mfuo uliojiviringa kuzunguka mwili wa bolti au ndani ya tundu la nati, ambao huifanya bolti isonge mbele au irudi nyuma inapozungushwa. Kisawe: *hesi*. Linganisha na *parafujo*, neno lenye asili ya Kireno, ambalo hutaja kifaa kizima wala si mfuo wake.

Bolti ya kawaida ina uzi mmoja tu, unaoanzia nchani na kupanda kwa mzunguko hadi karibu na kichwa bila kukatika. Kwa hiyo umoja katika *uzi wa bolti* ni sahihi, na anayeamini kwamba ni lazima kusema *nyuzi* kwa sababu macho yanaona mistari mingi anahesabu mizunguko ya kitu kimoja. Hata hivyo, wingi una kazi yake. Fundi anaposema *nyuzi tatu za mwanzo zimeharibika* anamaanisha mizunguko mitatu, na hakuna msikilizaji anayekosea. Matumizi yote mawili yakubalike, mradi la kwanza litaje umbo na la pili litaje hesabu.

Ufundi wa chuma si mgeni katika nchi ambamo Kiswahili kinasemwa. Wanyiha wa Mbozi walikuwa na sifa ya kuyeyusha na kufua chuma kabla ya wamisionari wa Kimoraviani kufungua kituo kinachojulikana hadi leo kama Mbozi Mission. Lakini mhunzi huunganisha vyuma kwa moto na nyundo. Kiungo kinachofungwa na kufunguliwa kwa kuzungushwa kilikuja na mashine kutoka nje, kikaja na majina yake: *bolti*, *nati*, *spana*, *skrubu*. Kiswahili kilichangia kile ambacho lugha huchangia daima, yaani vitenzi. Na ni katika vitenzi ambamo kosa la lugha hugeuka kuwa kosa la ufundi.

Tuchukue mfano wa mtu wa Mbozi Mission anayefungua injini ya gari lake mwenyewe uani, akampigia simu fundi aliyeko Mlowo:

— *Shikamoo, fundi. Bolti moja ya hedi imegoma.*
— *Marahaba. Imegoma vipi? Haizunguki kabisa, au inazunguka na haitoki?*

Swali la fundi ndilo kiini cha makala haya. *Kugoma* kunaeleza hasira ya msemaji, si hali ya bolti. Bolti isiyozunguka na bolti inayozunguka bila kutoka zina maradhi yaliyo kinyume, na dawa ya moja huiua nyingine.

shika, shikwa. Tofauti ya kauli ya kutenda na ya kutendwa hapa ina uzito ambao kamusi nyingi hazijautaja. *Bolti imeshika kutu* maana yake ni kwamba kutu inaonekana juu yake. Huenda ikafunguka kwa urahisi. *Bolti imeshikwa na kutu* maana yake ni kwamba kutu imeingia kati ya uzi wa bolti na uzi wa tundu, ikajaza nafasi, ikaviunganisha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana hubana. Kwa bolti iliyoshikwa, nguvu ya ghafla ni adui. Hupakwa mafuta mepesi yanayopenya, huachwa kwa saa kadhaa au usiku kucha, hugongwa kichwani kwa nyundo kwa mapigo mafupi, kisha *hukazwa kidogo kwanza* kabla ya kulegezwa. Sentensi hiyo ya mwisho humshangaza asiyezoea, lakini *kaza* na *legeza* si maadui hapa: msogeo mdogo wa upande wowote huvunja kutu, na kuanzia hapo bolti huendeshwa mbele na nyuma, robo mzunguko kwa robo mzunguko, huku mafuta yakiongezwa.

Joto nalo husaidia pale bolti ya chuma ilipofungwa kwenye hedi ya alumini, kwa sababu alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, na tundu hupanuka kuliko bolti. Moto usisogezwe karibu na mipira ya petroli wala mafuta yaliyomwagika. Plagi ni jambo jingine: kwenye hedi ya alumini hufunguliwa injini ikiwa imepoa, maana uzi wa alumini yenye joto huchunika upesi.

liwa. Kitenzi hiki hudai nomino yake, na kukiacha peke yake ni chanzo cha utata. *Bolti imeliwa* inaweza kumaanisha *kichwa kimeliwa*, yaani pembe sita zimelainika na spana inateleza, au *uzi umeliwa*, yaani mfuo umechunika na bolti inazunguka bila kushika. Katika hali ya kwanza bolti bado imekaza na tatizo ni pa kuishikia. Soketi ya pembe sita inayobana vizuri, au nati iliyochomelewa juu ya kichwa, humaliza kazi. Joto la kuchomelea lenyewe mara nyingi hulegeza kutu. Katika hali ya pili kuongeza nguvu hakuna maana kabisa, kwa kuwa hakuna kinachoshikilia. Bolti huvutwa huku ikizungushwa, kisha tundu hukaguliwa. Kama ni nyuzi chache za mdomoni, husafishwa kwa chombo cha kuchongea uzi. Kama ni zaidi ya hapo, tundu hutobolewa kwa keekee hadi kipenyo kikubwa zaidi, likachongwa upya na kuvishwa uzi wa waya wa chuma unaopachikwa ndani. Wapo wanaozungushia bolti tepu nyeupe ya mabomba ili “ishike”. Inashika mkononi, chini ya mgandamizo wa silinda haishiki.

namba ya bolti. Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote, nao ni mtego wa lugha tupu. Gereji huita bolti kwa spana inayoifungua: *bolti ya kumi na mbili*, *bolti ya kumi na nne*. Dukani bolti huuzwa kwa kipenyo cha mwili wake. Katika injini nyingi za Kijapani, bolti inayofunguliwa kwa spana 10 ni M6, ya spana 12 ni M8, na ya spana 14 ni M10. Anayeagiza *bolti ya kumi na nne* bila kufafanua anaweza kuletewa M14, na nauli ya kutoka Mbozi Mission imekwenda bure.

Hilo angalau huonekana mara moja. Baya zaidi ni lile lisiloonekana. Bolti ya M10 ya maduka ya kawaida ina uzi ambao umbali wa kilele hadi kilele ni milimita 1.5, ilhali M10 nyingi za injini za Kijapani zina milimita 1.25. Bolti ya 1.5 huingia kwenye tundu la 1.25 mzunguko mmoja au miwili, kisha hukaza. Mfunguaji hudhani ni kutu, huongeza mafuta, huongeza nguvu, na uzi wa tundu *huliwa* na bolti mpya kabisa inayong’aa. Kwa hiyo namba kamili ya bolti ina sehemu tatu: kipenyo, umbali wa uzi, urefu. Asiyejua namba abebe bolti ya zamani mfukoni.

katika. *Bolti imekatika* ni kauli ya mwisho katika mfululizo ambao kwa kawaida ulianza na *imegoma*. Kipande kilichobaki tundumoni hupigwa alama katikati, hutobolewa kwa keekee nyembamba, na hutolewa kwa chombo kinachozungushwa kinyume cha mishale ya saa. Chombo hicho ni cha chuma kigumu. Kikikatikia ndani, keekee ya kawaida haikitoboi tena, na hedi huenda kwa fundi wa mashine.

Upatanisho wa kisarufi haujatulia: *bolti imekatika* (i-/zi-) na *bolti limekatika* (li-/ya-, wingi *mabolti*) yote husikika, na mwandishi achague moja na kuishikilia. Tovuti hii hutumia i-/zi-.

anzisha. Katika kufunga tena, mafundi husema bolti *huanzishwa* kwa vidole, kisha *hufungwa* kwa spana, kisha *hukazwa*. Ni vitenzi vitatu kwa hatua tatu. Bolti isiyokubali kuanzishwa kwa vidole walau mizunguko mitatu imeingia upande, ina uchafu, au si yake. Hutolewa na kuangaliwa. Tundu lisilotoboka upande wa pili lifutwe mafuta kwanza, kwa sababu mafuta hayabanwi yakapungua, na bolti ikishuka juu yake inaweza kupasua chuma cha bloku. Bolti za hedi hukazwa kuanzia katikati kuelekea kingoni, kwa awamu, na hulegezwa kuanzia kingoni kuelekea katikati.