Lenzi za usiku kwa watoto wasioona mbali

MTOTO wa Shela hukulia baharini. Akitoka shuleni au chuoni, huogelea, hucheza kandanda ufuoni au hupanda mashua pamoja na jamaa zake. Kwake yeye miwani ni mzigo: mawimbi huichukua, mchanga huikwaruza na chumvi huitia ukungu.

Kwa watoto kama hao, wataalamu wa macho katika nchi mbalimbali hutumia lenzi zinazovaliwa usiku pekee. Marekani iliziidhinisha mwaka 2002.

Tatizo lenyewe

Mara nyingi mtoto hushindwa kuona mbali kwa sababu jicho lake limerefuka kupita kiasi. Taswira ya kitu kilicho mbali huangukia mbele ya retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga, badala ya kutua juu yake. Kadiri jicho linavyozidi kurefuka, ndivyo hatari ya glakoma na ya retina kubanduka inavyoongezeka ukubwani.

Dalili ni kukunja macho, kusogelea televisheni na kukosea kunakili maandishi ya ubaoni.

Namna zinavyofanya kazi

Lenzi hizi ni za plastiki ngumu inayopitisha hewa. Mtoto huzivaa anapolala, nazo husawazisha taratibu konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho. Asubuhi huvuliwa, naye huona vizuri mchana kutwa bila miwani. Huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili hivi kabla ya kuona kutengemaa.

Si tiba ya kudumu. Zikiachwa, konea hurudia umbo lake na tatizo hurejea. Hata hivyo, hupunguza kasi ya jicho kurefuka. Utafiti uliofanywa Hong Kong kwa watoto wa miaka 6 hadi 10, na kuchapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa kasi hiyo ilipungua kwa asilimia 43 katika miaka miwili, ikilinganishwa na watoto waliovaa miwani ya kawaida.

Tahadhari

Hatari kubwa ni maambukizi ya konea, ambayo yanaweza kuacha kovu na hata kupofusha. Mikono ioshwe kwa sabuni na kukaushwa, na lenzi zisafishwe kwa dawa yake maalumu tu. Matuta ya Shela yanasifika kwa maji matamu, lakini maji ya kisima au ya mfereji, hata yakiwa safi kwa kunywa, yasiguse lenzi kamwe, kwani huweza kubeba vijidudu. Mtoto asiogelee akiwa amezivaa.

Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiogopa mwanga, lenzi zivuliwe na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Lenzi hupimwa kwa kila jicho, na mtoto hukaguliwa baada ya usiku wa kwanza, kisha mara kwa mara. Kwa mkazi wa Shela, ambaye huvuka kwa boti hadi Mokowe kabla ya safari ya zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa, hilo si jambo dogo. Asiyeweza kufuata ratiba hiyo ni heri asianze. Miwani iliyopimwa vyema, ikifungwa kwa kamba, bado ni msaada mkubwa. Yapo pia matone ya atropini ya kiwango kidogo, yanayotolewa na daktari.

Kinga isiyo na gharama ipo mlangoni. Tafiti zimeonyesha kuwa watoto wanaokaa nje kwenye mwanga wa mchana, yapata saa mbili kila siku, hawapatwi upesi na tatizo hili. Mzazi asimzuie mwanawe kwenda ufuoni.