Mara Saba Kuzunguka Nzambani

Ukitaja Mwamba wa Nzambani, ule wa Kitui karibu na Chuluni, lazima mtu akupe ile hadithi: ukiuzunguka mara saba, mwanamume anageuka mwanamke, na mwanamke anageuka mwanamume. Hebu isikize tena polepole. Inasema kuzunguka. Haisemi kupanda. Ngazi za chuma zinazokupeleka juu zilikuja baadaye, na zilipokuja zikahamishia utamu wote huko juu: picha, upepo, mandhari, majigambo ya "mimi nilifika".

Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, kwa hivyo historia naisomea kwenye matatu. Na swali linalonikera ni hili: kufika mahali kulianza lini kupimwa kwa miguu?

Johann Krapf alifika Kitui mwaka wa 1849, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya kutoka huko. Enzi hizo Mzungu akiugua safarini habaki nyuma. Anawekwa kwenye machela, anabebwa. David Livingstone alimaliza safari zake hivyo mwaka wa 1873, siku za mwisho akiwa juu ya mabega ya watu, na sijaona kitabu kinachosema hakufika. Mwili usiotembea haukuwa tatizo, mradi mwenyewe awe na wa kumbeba.

Tsavo ilitangazwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1948, na Wakamba waliokuwa wakiwinda humo wakageuzwa majangili. (Hilo linahitaji makala yake.) Mbuga yenyewe ikapangwa kwa ajili ya gari. Unaingia lango la Mtito Andei, Makueni, unakaa, unatazama, na kushuka ovyo ni marufuku. Nilienda na anko wangu, ambaye miguu yake ilichukuliwa na polio akiwa mtoto. Ndani ya gari sote tulikuwa watu wa kukaa. Ndovu wa kwanza aliyemwona ni yeye, na hakutuacha tusahau.

Kisha tukafika chemchemi za Mzima, upande wa Taita Taveta, pahali ambapo unaruhusiwa kushuka. Maji yale ni mvua ya vilima vya Chyulu, vya kwetu Makueni, inayopenya kwenye mawe ya volkano na kuibukia huko. Mengine yanaingia bombani hadi Mombasa. Kuna chumba kilichozamishwa majini, unatazama samaki kupitia kioo na, ukibahatika, kiboko. Kukifikia ni kutembea, kisha kushuka. Anko akabaki kivulini na kiti chake.

"Nyinyi nendeni, mtanihadithia," akasema.

Maneno hayo nimeyasikia maisha yangu yote. Harusi ikiwa ghorofani, ofisi ikiwa ghorofani: nyinyi nendeni. Nilishuka, nikarudi mbio, nikaanza kumhadithia samaki. Alinisikiliza kwa adabu, jinsi mtu anavyosikiliza mahubiri aliyokwisha kuyasikia.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano kuyarekebisha. Mwamba si jengo, sawa. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inazungumzia haki ya kufika kila mahali kwa kiwango cha haki, na haikuandika "isipokuwa penye mandhari". Watu hukujibu kwamba asili ndivyo ilivyo, ati huwezi kuibishania. Asili haikuchomelea ngazi za Nzambani bana. Kuna binadamu aliyepima, akanunua chuma, akaamua nani atapanda. Kule Nairobi Safari Walk kuna njia ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini, na wanyama hawajalalamika.

Nzambani haihitaji lifti. Inahitaji njia bapa huko chini, ya udongo ulioshindiliwa vizuri, upana wa kiti cha magurudumu, izunguke mwamba mzima. Nilipomweleza anko wazo hili alilipenda, ila ana swali moja ambalo bado hatujapata mzee wa kutujibu: je, magurudumu yanahesabika, au mara saba lazima ziwe za miguu?