Tanga la Pwani, Mkuku wa Ziwa

Mto Nzoia huanzia milima ya Cherangani, mashariki ya Kitale, hupita kaunti ya Bungoma kwa kishindo pale Webuye, kisha humwaga maji yake Ziwa Victoria, karibu na Port Victoria. Sisi wa huku juu hatuna jahazi wala ngalawa. Ila mto wetu unatufikisha palipo matanga.

Mvuvi wa ufuo wa mashariki wa ziwa hilo ana bahati ya upepo. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu ukamsukuma ndani. Alasiri hugeuka, ukamrudisha nyumbani. Huenda na upepo wa tezi, hurudi na upepo wa tezi. Kazi ya kubisha anamwachia baharia wa Lamu.

Lakini chombo chake cha asili hakikuchongwa kwa ajili ya tanga. Mwaka 1875 mpelelezi Stanley aliona kundi la mitumbwi ya Kabaka Mutesa: mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, mkuku uliochomoza mbele kama pembe, mingine ikizidi mita 20 kwa urefu huku upana ukiwa kama mita 2 tu. Ilikuwa ya kupigwa kasia. Tanga lilifika na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili. Mmoja wao, Songoro, alikuwa na jahazi lake kisiwani Ukerewe miaka hiyohiyo ya 1870.

Hapo ndipo penye mvutano kati ya tanga na chombo. Chombo kizito hufungwa na wimbi lake chenyewe: chenye mita 9 majini hakipiti sana maili 7 za baharini kwa saa, hata ukikiongezea tanga. Ili kivuke hapo, ama kiwe chembamba kama ngalawa, ambayo matengo yake huizuia isipinduke, ama kiwe chepesi, chenye tumbo bapa na tezi pana, ili wimbi la nyuma likiinue kiteleze mbele yake. Tezi iliyochongoka haina cha kubebwa nacho, huzama. Na mkuku mrefu wa mbele una ubaya wake: chombo kikishuka wimbi, omo hung'ata maji, tezi hukimbilia pembeni, chombo kikalala ubavu kwa wimbi. Mwenye usukani lazima awe ameliona wimbi hilo kabla halijafika.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaolisifu tanga peke yake. Tanga huleta nguvu. Tumbo ndilo huamua nguvu hiyo iende wapi.

Mwaka 2021 Flipflopi, jahazi la mita 9 lililojengwa Lamu kwa taka za plastiki, lililetwa Kisumu likazunguka ziwa. Watu walipiga picha za rangi zake, wachache wakainama kutazama chini.

Siku hizi mafundi wa ziwani huikata tezi ikawa bapa. Hawafanyi hivyo kwa ajili ya mawimbi. Ni ili injini ipate pa kufungwa.