Kutoka majedwali ya Markov hadi vibarua wa Nairobi

ChatGPT ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, na wanafunzi wengi wanaoitumia wanadhani akili unde inayoandika ilizuka mwaka huo. Wazo lililomo ndani yake lina zaidi ya karne moja. Ajuaye lilikotoka ataweza kuihoji mashine hii, si kuistaajabia tu.

Mwaka 1913, jijini St Petersburg, mwanahisabati Andrei Markov aliichukua riwaya ya kishairi ya mshairi Mrusi Pushkin, Eugene Onegin. Alinakili herufi 20,000 za mwanzo, akaondoa nafasi na alama za uandishi, akazipanga katika majedwali 200 ya herufi mia mia. Kisha akahesabu kwa mkono. Irabu zilikuwa asilimia 43 ya herufi zote. Lakini penye irabu, uwezekano wa kufuatiwa na irabu nyingine ulishuka hadi takriban asilimia 13. Penye konsonanti, ulipanda hadi 66. Herufi iliyotangulia ilikuwa inatoa fununu ya ile inayokuja. Markov alikuwa akithibitisha hoja ya kihisabati tu, wala hakuwazia mashine ya kuandika. Hata hivyo mifumo ya leo inafanya kazi ya jamii hiyohiyo: inakisia kipande cha neno kinachofuata, ila hutazama maelfu ya maneno yaliyotangulia.

Suala la maadili ya mashine hizi nalo ni la zamani. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mhadhiri wa chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza programu yake iitwayo ELIZA. Iliiga mazungumzo ya mtaalamu wa saikolojia kwa ujanja mdogo sana: ukiandika kwamba una huzuni, inayageuza maneno yako kuwa swali na kukurudishia. Haikuelewa lolote. Lakini katibu muhtasi wake, aliyemwona akiiunda kwa miezi mingi, alipoijaribu alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha. Jambo hilo lilimtikisa Weizenbaum. Yeye alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi akiwa kijana, na mwaka 1976 aliandika kitabu kizima akisisitiza kwamba yapo maamuzi ambayo kompyuta haipaswi kupewa, hata ikiyaweza. Nadhani onyo lake lina uzito zaidi sasa kuliko siku alipolitoa.

Baada ya miongo kadhaa, hatua zilikwenda kasi. Mwaka 2017 watafiti wa Google walibuni muundo uitwao transfoma, na mwaka 2020 kampuni ya OpenAI, iliyokuja kuunda ChatGPT, ikautumia kutoa GPT-3 yenye vigezo bilioni 175, yaani namba za ndani zinazorekebishwa mfumo unapofunzwa. Mifumo hii ililishwa maandishi ya intaneti na vitabu kwa wingi usiosomeka na binadamu mmoja, na walioyaandika hawakuombwa ruhusa. Desemba 2023 gazeti la New York Times liliishtaki OpenAI kwa sababu hiyo.

Mkisiaji pia hukisia uongo kwa ufasaha uleule. Mwaka 2023, huko New York, mawakili waliwasilisha mahakamani hoja zilizotaja hukumu ambazo hazijawahi kutolewa, zote zikiwa zimetungwa na ChatGPT. Wakili mmoja aliiuliza kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamhakikishia kwamba ni za kweli. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Mwanafunzi anayenakili marejeo bila kuyatafuta maktabani yumo katika hatari ileile.

Na adabu ya mashine hii ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka Nairobi. Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba vibarua wa Sama, kampuni iliyopewa kazi na OpenAI, walisoma maandishi ya ubakaji, mauaji na unyanyasaji wa watoto, wakiyawekea alama ili mfumo ujifunze kuyatambua na kuyakwepa. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Julai mwaka huo baadhi yao walipeleka ombi Bunge la Kenya, wakitaka uchunguzi ufanywe kuhusu mazingira ya kazi waliyoifanya. Kuna waliosema akili zao hazijapona. Vijana hao wanastahili kutajwa darasani sawa na Markov na Weizenbaum, kwa sababu majibu ya heshima tunayoyapata leo yamepita mikononi mwao.