Haki ya Kupitisha Treni

Kusini-magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani, kuna mtandao wa reli uliokuwa wa kampuni ya Monongahela, ambayo riziki yake ilikuwa makaa ya mawe. Kampuni hiyo ilimezwa na kampuni nyingine ya reli, Conrail, mwaka 1993. Conrail nayo ilipogawanwa kati ya kampuni za reli za Norfolk Southern na CSX, tarehe 1 Juni 1999, reli hizo ziliangukia upande wa Norfolk Southern. Hata hivyo, makubaliano ya mgawanyo yaliipa CSX ruhusa ya kupeleka treni zake kwenye migodi iliyo kwenye reli hizo, kupakia makaa na kuondoka nayo, ikigombea wateja walewale na mwenye reli.

Ruhusa ya namna hii napendekeza tuiite *haki ya kupitisha treni*. Najua wapo wanaopenda "haki ya njia" kwa sababu ni fupi. Lakini mwanasheria akisikia hivyo atafikiria mtu anayekatiza shamba la jirani yake kwenda kisimani. "Kukodi reli" nako kunapotosha, kwani aliyekodi hukabidhiwa kitu akitumie, ilhali hapa mwenye reli anaendelea kupitisha treni zake mchana na usiku, na mgeni anasubiri zamu. Kitenzi *kupitisha* kinabeba jambo lenyewe: mgeni anakuja na injini yake, dereva wake na mabehewa yake. Kinachobaki cha mwenyeji ni reli, mataruma, kokoto na ishara.

Hapo ndipo haki hii inapoachana na ndugu yake wa karibu, *haki ya kusafirishiwa*. Katika hiyo ya pili, kampuni ina mteja na mzigo, lakini treni inaendeshwa na wafanyakazi wa mwenye reli, naye analipwa kwa kazi hiyo. Kwa mteja tofauti huenda isionekane, maana makaa yanafika vilevile. Kwa dereva ni tofauti ya nani anamwandikia mshahara.

Dereva wa mgeni, ingawa anakula kwa tajiri wake, akishaingia kwenye reli ya watu anaongozwa na chumba cha uongozaji treni cha mwenyeji. Kanuni ni za mwenyeji, mwendo ni ule uliopangwa na mwenyeji. Ni lazima awe amejifunza njia hiyo, miinuko yake, kona zake na ishara zake. Kama hajaijua, anapewa mtu wa kumwongoza ndani ya injini. Kwa treni ya makaa hili si jambo dogo. Treni moja inaweza kuwa na mabehewa zaidi ya 100, kila moja limebeba takriban tani 100, na uzito huo ukishachukua kasi kwenye mteremko hausimamishwi ghafla.

Malipo kwa kawaida hufuata matumizi: mabehewa mangapi yamepita umbali gani, au uzito gani.

Swali ambalo wafasiri wengi hulisahau ni kama mgeni anaruhusiwa kusimama na kuhudumia wateja. Mara nyingi haruhusiwi. Mwaka 1996, kampuni ya reli ya Union Pacific ilipoichukua mwenzake Southern Pacific, Utah Railway, kampuni ndogo inayobeba makaa tangu zamani, ilipata haki ya kupitisha treni kwenye reli zao hadi Grand Junction, Colorado. Wateja wa kando ya reli walibaki wa mwenye reli, isipokuwa pale palipotajwa kwenye makubaliano. Hii naiita *haki ya kupitiliza*. Ile ya CSX kule Pennsylvania ina uzito zaidi, kwa sababu inafika mpaka mdomoni mwa mgodi.

Tusiichanganye pia na umiliki wa pamoja. Huko Wyoming, kwenye bonde la Mto Powder, kampuni za reli za BNSF na Union Pacific zinamiliki kwa pamoja reli inayopita katikati ya migodi mikubwa, na BNSF ndiyo inayoitunza na kuongoza treni. Mei 2005 treni mbili za makaa ziliacha reli hapo, moja baada ya nyingine katika siku mbili mfululizo, baada ya vumbi la makaa kujaa kwenye kokoto na kuzuia maji yasipite. Treni za kampuni zote mbili zilicheleweshwa, lakini Union Pacific haikuwa mgeni pale. Mwandishi anayesema ilikuwa na "haki ya kupitisha treni" kwenye reli hiyo amekosea.

Nawaomba wafasiri wa mikataba wasiridhike na jina peke yake, bali wasome hadi kifungu cha kuachia. Marekani, haki hii huidhinishwa na Bodi ya Usafiri wa Nchi Kavu, na mgeni aliyeacha kupitisha treni hata miaka mingi bado anahesabiwa kuwa nayo mpaka bodi hiyo imruhusu kuiachia.